Kimya Nilichokinunua

Katika siku nyingi nilizozisahau, mwanangu, ipo moja iliyokataa kuondoka. Nakumbuka ilikuwa asubuhi, harusi ya mtoto wa mjomba wangu iko siku yake ya pili, na wanawake wa kijiji wanapita mbele yangu wakigonga pembe za nyati kwa vijiti. Ngoma hiyo tunaiita vugo. Kwa desturi, pembe hulia na vinywa huimba. Siku hiyo pembe zililia peke yake. Wanawake thelathini na zaidi, nyuso mbele, midomo imefungwa, walipita barazani nilipoketi na kanzu yangu mpya, na kilichosikika ni vijiti tu juu ya pembe. Nami nikatabasamu, kwa sababu nilidhani nimeshinda.

Ngoja nikueleze nilichoshinda, maana hata mimi ilinichukua karibu mwaka kukijua.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikuwa mzito wa akili. Miguu ndiyo iliyokataa kukaa chini ya dawati. Nimekata boriti za mikoko, nimepika katika meli za mizigo, nimeuza redio Mombasa, nimekaa miaka saba Uarabuni nikipanga makontena juani. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakanikimbia: hiki chafanyaje kazi, kile nani alikibuni, na kikiharibika huanza kuharibika wapi? Kuuliza si ujinga, walisema wa kale. Lakini kuna kuuliza habari za vyuma na kuna kuuliza habari za watu, na hilo la pili nililichelewa.

Nilirudi Amu, yaani Lamu, nina miaka thelathini na akiba mkononi. Nilinunua gofu la nyumba ya mawe mtaani, nikalitengeneza, nikalipangisha. Likazaa la pili. Watu wakaanza kuniita Bwana Lali, watu walewale waliokuwa wakiniita Lali Miguu. Basi nikaona sasa ni wakati wa kutoa sadaka, na sadaka nikaipeleka kijiji cha upande wa mama, kisiwa cha Pate, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mji wa Faza.

Shida ya kijiji kile ilikuwa maji, kama ilivyo shida ya vijiji vingi vya kwetu. Visima ni vya chumvi. Maji matamu ni ya mvua, na maji ya mvua huwekwa katika jabia, yaani birika kubwa lililochimbwa chini, likazungushiwa sakafu pana ya kuyaongoza maji yaingie ndani. Jabia la zamani lilikuwa limekufa. Nikasema, nitajenga jipya.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifunga. Wanawake wa kijiji kile wana utaratibu wao. Mvua ya kwanza ikikaribia, huchukua majivu ya jikoni wakayanyunyiza juu ya mteremko wote. Mvua ikisha kunya, hutoka wakatazama majivu yamekimbilia wapi. Pale yalipokusanyika ndipo maji yanapopenda kwenda yenyewe, na hapo ndipo pa kuchimba. Kazi haina gharama, ila yataka kusubiri mvua moja.

Mimi sikuwa mtu wa kusubiri. Tena nilikuwa nimekwisha kuchagua mahali: juu tu ya bandari, pale abiria wanaposhuka, ili kila mgeni akitia mguu mchangani macho yake yakutane na jabia na jina langu juu yake. Nilileta fundi kutoka Mombasa. Herufi za jina alizifinyanga kwa saruji, kila moja urefu wa mkono.

Bi Somoe alinijia siku tulipoanza kuchimba. Alikuwa Mwamu wa asili aliyeolewa pale kijijini, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti iliyomzidi mwili. Yeye ndiye aliyekuwa akitunga na kuongoza vugo.

"Lali," alisema, "hatujamwaga majivu bado."

"Bi Somoe, mimi nimeleta fundi wa mji mkubwa, na wewe waniletea majivu?"

Waliosimama karibu walicheka. Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyepanda juu ya paa.

"Fundi wako ajua saruji," alisema. "Mai ayajua nani?" Mai ni maji kwa Kiamu. Akaenda zake.

Jabia likaisha, zuri kama nyumba ya arusi. Masika ikaja, ikanya mvua ya kutosha, na maji yote yakateremka upande wa pili wa kilima, nyuma ya kijiji, yakajimwagia mikokoni. Jabia langu lilipata yale tu yaliyoangukia juu yake moja kwa moja kutoka mbinguni. Yalitosha kwa wiki chache. Nilijiambia, mwaka huu mvua haikuwa na bahati.

Ndipo ilipofika harusi ile. Mchele na mbuzi nilitoa mimi, na juu ya hayo nilikuwa nimeahidi mabati ya kuezekea chuo cha Kurani, ambacho kilikuwa kinavuja. Nilikuwa mtu mkubwa kweli. Siku ya kwanza ya harusi wanawake wakatoka na vugo lao, Bi Somoe mbele, na walipofika barazani kwetu akainua sauti:

*Jabia limesimama, lina ina lake Bwana,*
*Mvua hupita nyuma, na mai ndani hapana.*

Ina ni jina, mwanangu, kwa Kiamu. Hapakuwa na haja ya kufafanuliwa. Wenzake wakaitikia, baraza zima likaangua kicheko, na kabla ya adhuhuri watoto walikuwa wameudaka wimbo wanauimba wakiruka kamba.

Kwetu, neno la vugo hujibiwa kwa vugo. Ukisutwa, shangazi zako na binti za ami zako hutunga lao wakakujibia, na wewe mwanamume hukaa kitako ukanyamaza. Hupigani, hushitaki, hununi. Ndiyo sheria, na ni ya zamani kuliko mitaa yetu. Hapo ndipo mnyonge anapomwambia mwenye nguvu neno lake, na mwenye nguvu hulimeza kwa sababu kesho naye ana zamu ya kusema. Mimi niliivunja sheria hiyo. Nilikwenda kwa mjomba wangu, Mjomba Kombo, baba wa bwana arusi.

"Mjomba, wimbo ule usiimbwe tena."

"Mpwa wangu, ni vugo. Litapita."

"Ukiimbwa kesho, mabati ya chuo hayaji."

Mjomba alikuwa akitafuna tambuu. Akaacha kutafuna. "Wasema kweli?"

"Nasema kweli."

Akasema taratibu, "Wajukuu wa Somoe wasoma katika chuo kile. Mvua huwanyea juu ya misahafu."

"Basi amwambie ulimi wake," nikajibu.

Unaona, mwanangu? Sikuinua mkono juu ya mtu. Sikumfunga mtu. Nilichokifanya ni kuchukua sadaka yangu nikaigeuza kuwa kitambaa cha kufungia watu midomo. Na kitambaa kilifanya kazi. Siku ya pili pembe zikalia bila maneno, kama nilivyokuambia, na mimi nikatabasamu.

Baada ya hapo maisha yangu pale kijijini yakawa mepesi ajabu. Kila nilipokuja nilipokewa bandarini. Mabati nilileta, nikasomewa dua. Nikiuliza, "Jabia laendeleaje?" hujibiwa, "Alhamdulillahi, Bwana Lali, twashukuru." Nikiketi kwa mjomba huletewa maji kwenye bilauri, baridi, matamu. Nikiyanywa nilikuwa nikijisemea moyoni, haya ni yangu mimi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tusiogusa tembo methali hiyo yatuhusu vilevile.

Sasa, mimi si mtu wa kukaa mahali, ingawa kijijini kwa kawaida nilitanguliza habari kwamba naja. Msimu wa kaskazi, kiangazi kimeshika, nilikuwa nikirudi kutoka upande wa Kiwayu na chombo kikaniteremsha Faza bila mpango. Nikatembea mpaka kijijini. Nilifika kwa mjomba saa nne asubuhi, nikapiga hodi, nikaingia, nikaketi. Mke wa mjomba aliponiona, badala ya kufurahi alishika shavu. Akaingia ndani, nikasikia minong'ono, akatoka na kikombe cha chai. Nikakipokea, nikapiga funda moja.

Chumvi. Chai ilikuwa na sukari nyingi, na chini ya sukari, chumvi.

"Mjomba, maji haya ni ya wapi?"

Mjomba Kombo alitazama mlango.

"Mjomba?"

"Ungetupa habari waja," alisema mwishowe, "tungetuma dumu moja Amu."

Ikachukua muda ikaniingia. Kila nilipokuwa nikija, mwanangu, kila mara, walikuwa wakituma mtu kwa chombo mpaka Amu akalete dumu la maji matamu, ili Bwana Lali akinywa adhani anakunywa kutoka jabia lake. Kijiji kizima kilikuwa kikinifanyia mchezo wa kuigiza. Si kwa dhihaka. Kwa heshima, na kwa hofu. Chuo kilikuwa kinahitaji milango bado.

Niliondoka mbio mpaka kwenye jabia. Nilifungua kifuniko. Ndani palikuwa na majani makavu, mjusi mmoja, na ufa ukutani ambao mkono wangu uliingia. Watoto walikuwa wanautumia ukuta wa nje kuanikia samaki. Kamba yao moja ilikuwa imefungwa katika herufi ya kwanza ya jina langu.

Nikauliza msichana aliyepita, "Maji mwateka wapi?" Akanionyesha kwa kidevu, njia ya kisima cha zamani, mbali, nyuma ya mashamba.

Nilimkuta Bi Somoe huko. Yu peke yake, anavuta kamba, na ndoo ikapanda nusu, ikarudi, ikapanda tena. Nikamwendea nikaishika ile kamba. Hakuiacha. Tukawa tumeishika wawili.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikamuuliza. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa karibu kulia, na sikujua lipi litangulie.

"Tulikwambia. Kwa pembe, mato kwa mato, mbele ya watu wote."

"Baada ya pale?"

"Baada ya pale ulinunua kimya, Lali. Ulikinunua kwa mabati, ukapewa chote, hatukukupunja. Haya, kinywe sasa."

Aliiachia kamba. Ndoo ikanivuta mpaka nikapiga goti.

Nimepigwa katika maisha yangu, na mabaharia, na mapolisi wa nchi mbili, na tajiri mmoja wa Uarabuni aliyenirushia kiatu. Hakuna kipigo kilichonifika kama maneno yale. Nilivuta ile ndoo mpaka juu, nikamjazia dumu lake, nikambebea mpaka kwake. Mlangoni nikamwambia, "Bi Somoe, nifanye nini?"

"Mvua ya kwanza iko karibu?"

"Miezi miwili."

"Basi una miezi miwili ya kukusanya majivu."

Na nilikusanya, wallahi. Nilipita nyumba kwa nyumba na gunia, mimi mwenye kanzu mpya, nikiomba majivu ya jikoni. Wanawake walinicheka mpaka wakajishika mbavu. "Bwana Lali, chukua na masizi!" "Bwana Lali, haya ya leo bado ya moto, angalia lisiungue ina lako!" Nilimeza yote. Mvua ilipokaribia nikapanda kilima na Bi Somoe, yeye akielekeza kwa fimbo, mimi nikinyunyiza. Ikanya alasiri. Asubuhi yake tukatoka, na pale nyuma ya kijiji, nyuma kabisa, mahali ambapo wanawake hufulia na hakuna mgeni anayepita, majivu yalikuwa yamejikusanya kama mkeka uliotandikwa.

Tulijenga hapo. Fundi alipouliza habari ya jina nilimwambia aweke mwiko chini tukanywe kahawa. Jabia lile lilijaa mwaka uleule.

Nilimwomba Bi Somoe anitungie wimbo mwingine, nikidhani nimestahili. Alicheka. "Hujakosa bado. Nipe muda, utakosa tena." Na kweli, katika miaka iliyobaki ya uhai wake alinisuta mara nne. Nimeyahifadhi mavugo yote manne kichwani, na yote yalikuwa ya haki, isipokuwa moja la habari za ndoa yangu ya pili, ambalo mpaka leo nadhani alipitiliza.

Sasa niko na miaka sabini na ushei. Mungu amenipa zaidi ya nilivyoomba: nyumba Amu, boti mbili za abiria, shamba la ufuta Kililana. Na kwa kuwa udadisi haukuniacha, nimetia fedha pia katika kampuni ya vijana fulani wa Mombasa wanaofundisha kompyuta kujibu na kuandika kwa Kiswahili. Akili unde, au ei-ai kama mnavyosema nyinyi. Naipenda, siwezi kukudanganya. Mtu aliyeacha shule darasa la tano, leo ana mwalimu mfukoni asiyechoka na maswali yake! Nimeiuliza kwa nini kuta za matumbawe hutoka jasho, nimeiuliza nyota, nimeiandikisha barua kwa ofisi ya ardhi kwa lugha ambayo karani aliisoma akasimama wima. Asiyeitaka, shauri yake. Mimi naitaka.

Basi mwaka huu nilitoa chumba cha kompyuta katika kijiji kilekile cha mama. Anayekisimamia ni kijana wetu mmoja, Swaleh, hodari, mwenye adabu, mwepesi wa kila kitu. Wiki moja kabla ya ufunguzi alinijia Amu na simu mkononi, anang'aa.

"Ami Lali, sikiza hii. Ni vugo la siku ya opening. Ei-ai imeshuka nalo sekunde kumi tu. Ni moto!"

Akanisomea:

*Ewe taa ya visiwa, nuru isiyozimika,*
*Kwa wema umejaliwa, jina lako latukuka.*

Zilikuwa beti kumi na mbili. Vina vimekaa, mizani imekaa. Niliona masikio yangu yanaanza kupata moto, kama mtu anayepita mahali alipowahi kuumwa na nyoka.

"Na wanawake wametunga nini?" nikamuuliza.

"Wanawake?"

"Vugo ni la wanawake, Swaleh. Haliwezi kuwa hawakutunga."

Akajikuna shingo. "Walikuwa na wao, ami. Siti alitunga. Lakini lilikuwa na maneno maneno. Kamati ya chumba ikaona, kutakuwa na wageni wa serikali, wafadhili kutoka Nairobi... Tukawaambia waimbe hili. Tulitaka kukulinda tu."

"Kunilinda na nani?"

Siti, mwanangu, ni mjukuu wa Bi Somoe. Nilipanda boti siku ileile.

Nilimkuta anapaa samaki uani. "Siti, niimbie lako."

"Kamati imelikataa, babu."

"Kamati hainizidi kilemba. Imba."

Alifuta mikono, akaangalia pembeni, akaimba kwa sauti ndogo:

*Chumba kina baridi, na viti vimepangwa,*
*Saa zetu za kurudi, mlango umefungwa.*

Nikamwambia anieleze. Akaeleza: chumba kimeanza kutumika kabla ya ufunguzi, na kwa ratiba ya kamati hufunguliwa baada ya shule mpaka alasiri. Saa hizo ni zamu ya wasichana chuoni; wavulana husoma Kurani baada ya magharibi. Wakitoka chuo, Swaleh ameshafunga. Wanaoingia ni wavulana, na wavulana wanacheza mpira wa kwenye kioo. Basi chumba nilichokitoa kwa watoto wa kijiji kilikuwa cha nusu ya watoto wa kijiji, na mimi nilikuwa nimekwisha kuandaa hotuba.

Usiku huo sikuiweka chini simu yangu mpaka nimeijaribu ile mashine. Niliiambia, nitungie vugo la kunisuta. Ikatunga, ikaniita mchoyo na mwenye majivuno, kwa vina vizuri sana. Nikaiuliza, lakini nimekosa nini hasa? Ikanijibu kwamba haijui, hainifahamu, nikiieleza kosa langu itanitungia. Kwa jibu hilo niliiheshimu, maana ni wakweli wachache wanaokiri kutojua. Lakini hapo ndipo nilipoliona jambo lenyewe. Mashine husubiri uiambie kosa lako. Siti hakusubiri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye ndiye aliyesimama mlangoni na ndugu zake wadogo, akakuta kufuli.

Tena liko lingine. Bi Somoe alipoimba alikuwa na paa la wajukuu wake la kupoteza. Siti alipotunga alikuwa na kibali cha kamati cha kupoteza, na pengine msaada wangu wa karo ya mdogo wake. Mashine haina cha kupoteza, kwa hiyo neno lake, liwe tamu au chungu, halijalipiwa chochote. Neno la mtu lina uzito kwa sababu limemgharimu. Ukiliondoa la mtu ukaweka la mashine kwa kuwa la mashine halikuudhi, umenunua kimya tena, ila safari hii kimya chenye vina.

Swaleh alinisihi. "Ami, mbele ya wageni? Watasemaje? Hawatakuja kutoa tena."

"Wakiondoka kwa sababu ya wimbo, walikuja kwa sababu ya picha."

"Na wewe? Itakuwa aibu kwako."

"Mimi aibu naijua ladha yake," nikamwambia. "Hakuna ufunguzi mpaka Siti aimbe. Ukiona vigumu, ufunguo niachie mimi."

Alikasirika, simlaumu. Alikuwa amefanya kazi miezi minane. Lakini ufunguo hakuniachia.

Siku ikafika. Viti vya plastiki, turubai, wageni wenye suti wakitokwa jasho. Wanawake wakatokea na pembe zao, na Siti hakuimba kwa sauti ndogo ya uani. Aliimba kwa sauti ya bibi yake. Mgeni mmoja aliinamisha kichwa kutazama viatu. Mwingine alimuuliza jirani maana yake, akaambiwa, akanigeukia aone nitafanya nini. Nilisimama. Sikutoa hotuba. Nilimgeukia Swaleh nikamuuliza kwa sauti ya kusikika, "Mlango utafungwa saa ngapi?" Yule kijana akawatazama wanawake, akanitazama mimi, kisha akasema, "Baada ya isha, ami. Na magharibi mpaka isha ni ya wasichana peke yao." Vigelegele vilivyopanda hapo hakuna mashine iliyoviandika.

Na wageni? Mmoja aliondoka kabla ya chakula. Wengine walikula.

Basi shika haya, mwanangu, nayasema nikiwa na akili timamu na bado nina nguvu ya kuyasimamia. Mungu akikujaalia mali, toa. Lakini kabla ya kutoa, nenda kwa yule atakayekitumia, uketi chini, umwache akwambie umekosea wapi. Tenda wema nenda zako, walisema, nami naongeza: ukienda zako, usiondoke na ndimi za watu mfukoni. Sadaka inayomfanya mpokeaji aogope kusema ni biashara, na ni biashara mbaya, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye utakayekuwa wa mwisho kupata habari zako. Akikusuta, usimtafutie kosa la lugha wala la wakati wala la wageni. Msikilize. Ikiwa amekusingizia, mjibu kwa neno. Usimjibu kwa mkono unaotoa, wala kwa kuufumba.

Na mashine hizi, zitumie. Usiwe mjinga wa kuogopa chombo. Ziulize, zikufundishe, zikuandikie barua za ofisini. Lakini lile lililokuuma, ulilolibeba begani mwako, ulilolishuhudia kwa macho yako, litunge mwenyewe, hata vina vikipinda. Ukiwa na uwezo, msimamie mwingine naye atunge lake, hasa likiwa linakuelekea wewe. Watakwambia hayo ni mambo ya zamani na dunia ina haraka. Waache waende mbio. Wewe simama hapo, usitetereke.

Mungu akupe mkono mpana na moyo usiodai shukrani. Akupe maarifa ya kizazi chako bila kukunyang'anya sauti yako. Na akikuzidishia mali, akuzidishie pamoja nayo watu wasiokuogopa. Amin.